Faida na Hatari za Kukimbia kwa Viatu vya Soli Nyembamba: Mtazamo kutoka Milima ya Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua faida na hatari za kukimbia kwa viatu vya soli nyembamba, yaani viatu vinavyouacha wayo ufanye kazi yake bila kuinuliwa kisigino wala kuongozwa na kiatu. Mjadala wa kitaalamu kuhusu viatu hivyo umetawaliwa na swali la mkimbiaji wa Marekani au Ulaya anayetoka katika kiatu kinene kwenda katika kiatu chembamba. Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, mkimbiaji wa kawaida ni mtoto wa shule, na safari yake ni ya kinyume: hutoka pekupeku akaingizwa katika raba. Makala yanajenga hoja kwamba kinachoumiza zaidi si wembamba wala unene wa soli, bali kuhamishwa ghafla kwa mzigo kwenda katika tishu zisizouzoea. Hoja hiyo ina uzito wa pekee mahali ambapo ardhi yenyewe ni ya miteremko mikali, mchanga wa ufukweni na udongo wenye vimelea.

1. Utangulizi

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, siku imezoeleka kuanza kwa mchakamchaka. Wanafunzi hujipanga safu, kiongozi hutoa wimbo, nao huitikia huku wakikimbia kuuzunguka uwanja au kuifuata barabara ya kijiji. Katika nyanda za juu za Umatengo, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali, baadhi ya watoto hukimbia pekupeku, wengine kwa malapa, wengine kwa viatu vyeusi vya sare ya shule, na wachache kwa raba. Hakuna anayechagua kiatu kwa kuyafikiria mazoezi. Kila mmoja hukimbia kwa kile alichotoka nacho nyumbani. Kwa maana hiyo, safu moja ya mchakamchaka hukusanya karibu kila hali ya mguu ambayo wataalamu wa biomekanika wamelazimika kuitafuta nchi hadi nchi.

Suala la kiatu hujitokeza baadaye, mtoto anapoonekana kuwa na mbio. Mwanafunzi anayechaguliwa kuiwakilisha shule yake katika UMITASHUMTA, au baadaye katika UMISSETA, hupanda ngazi ya kata, wilaya na mkoa. Mahali fulani katika ngazi hizo, mtu mzima mwenye nia njema humtafutia raba, aghalabu za mitumba, na aghalabu siku chache tu kabla ya mashindano. Nia ni njema. Matokeo hayatabiriki kwa wepesi huo.

Upande wa pili wa swali uko mjini Mbinga na Mbamba Bay. Huko yupo mtumishi au mfanyabiashara wa miaka arobaini na kitu, ambaye amevaa viatu vya soli nene tangu alipoajiriwa na ambaye sasa amejiunga na kikundi cha mbio za Jumamosi. Vikundi vya aina hiyo vimeongezeka nchini, hasa baada ya Serikali kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, mwezi Desemba 2016. Mtu huyu husikia kwamba mguu mtupu ndio wa asili na kwamba raba nene zimewaharibu wakimbiaji. Kitabu cha Christopher McDougall kilichotoka mwaka 2009, kuhusu wakimbiaji Watarahumara wa kaskazini mwa Mexico, ndicho kilichoieneza fikra hiyo duniani kote, na imefika hata kwa wasiokijua kitabu chenyewe. Watu hawa wawili, mtoto na mtu mzima, hupewa ushauri kana kwamba tatizo lao ni moja. Ukweli ni kwamba wanasafiri njia moja kwa kupishana.

2. Kiatu kinachozungumziwa

Kiswahili hakina istilahi moja iliyokubalika kwa viatu hivi. Kuviita "viatu vyepesi" hakutoshi, kwa kuwa wepesi ni sifa mojawapo tu. Makala haya yanatumia maelezo ya wazi, viatu vya soli nyembamba, huku yakizingatia kwamba wembamba nao ni sehemu tu ya maana. Mwaka 2015, Jean-Francois Esculier na wenzake waliwakutanisha kwa njia ya dodoso wataalamu 42 kutoka nchi 11 ili kuafikiana juu ya fasili. Waliafiki kwamba ni kiatu kisichoingilia sana mwendo wa asili wa wayo, na wakakipima kwa sifa tano: uzito, unene wa soli, tofauti ya kimo baina ya kisigino na sehemu ya vidole, wepesi wa kupindika, na kukosekana kwa vifaa vya kuudhibiti mguu usilale upande.

Vipimo hivyo vikiletwa katika soko la Mbinga hutoa majibu ambayo huenda wataalamu wenyewe hawakuyatarajia. Katambuga, yaani ndara za tairi la gari, ndizo ambazo mtu angezitaja kwanza kuwa kiatu cha asili cha mwendo mrefu. Ni kweli kwamba katambuga hazina kisigino kilichoinuliwa wala kifaa cha kuudhibiti mguu. Lakini tairi ni zito na halipindiki kwa urahisi, na uzito si jambo dogo: Franz, Wierzbinski na Kram (2012) walionyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa katika mguu wa mkimbiaji huongeza matumizi ya oksijeni kwa takribani asilimia moja. Katambuga basi hufaulu mitihani miwili na kushindwa mitatu. Malapa ni mepesi na hupindika, ila hayafungwi kisiginoni, hivyo vidole hulazimika kuyashikilia kila hatua. Mtoto anayekimbia kwa malapa hukimbia kwa hila, na mara nyingi huyavua akayashika mkononi. Kiatu kinachokaribia zaidi fasili ya wataalamu ni kile ambacho hakisifiwi na mtu: raba za kitambaa zenye soli bapa ya mpira, zinazouzwa kwa bei nafuu na kuvaliwa kwa mpira wa miguu, shamba na shule. Hizo ni nyepesi, bapa, hupindika, na hazina chochote cha kuudhibiti mguu. Mkimbiaji wa Ulaya hulipa fedha nyingi kupata kiatu chenye sifa hizohizo.

Raba za mitumba zinastahili neno lake peke yake. Kiatu kinene cha kukimbilia hutegemea tabaka la povu lililo kati ya soli na wayo. Povu hilo huchoka kwa kukanyagwa, na soli huliwa kwa kufuata mwendo wa mwenye kiatu wa kwanza. Raba inayofika mnadani huweza kuonekana nene na nzima huku povu lake limekufa na kisigino chake kimelala upande mmoja. Anayeivaa hapati ulinzi wa kiatu kinene wala uhuru wa kiatu chembamba. Hurithi mwendo wa mtu asiyemjua.

3. Jinsi mguu unavyopokea ardhi

Kila hatua ya mbio hurudisha mwilini kani inayozidi uzito wa mkimbiaji kwa mara mbili au zaidi. Kinachotofautiana ni namna kani hiyo inavyoingia. Mkimbiaji anapotua kwa kisigino, kuna kishindo cha ghafla ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla ya kani kuu kufika. Anapotua kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino hushuka taratibu, misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino hunyumbuka kama kamba, na kishindo kile cha kwanza hupungua au kutoweka. Daniel Lieberman na wenzake (2010), katika utafiti uliowahusisha vijana Wakalenjin wa Bonde la Ufa nchini Kenya pamoja na wakimbiaji wa Marekani, waligundua kwamba kishindo cha wanaotua kwa mbele bila viatu kilikuwa kidogo kwa takribani mara tatu kikilinganishwa na cha wanaotua kwa kisigino. Waliokulia pekupeku walielekea kutua kwa mbele; waliokulia katika viatu walielekea kutua kwa kisigino.

Matokeo haya yalipokewa kwa shangwe iliyozidi kipimo. Wengi walihitimisha kwamba mguu mtupu wa Mwafrika hutua kwa mbele na kwamba huo ndio ukweli wa maumbile. Miaka mitatu baadaye, Kevin Hatala na wenzake (2013) walichapisha vipimo vya Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliozoea kutembea pekupeku: katika watu wazima 38, asilimia 72 walitua kwa kisigino walipokimbia kwa mwendo wao wa kawaida wa masafa, na walihama kuelekea mbele ya wayo mwendo ulipoongezwa. Hapa Tanzania, Herman Pontzer na wenzake (2014) waliwachunguza Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, wanaovaa ndara nyepesi. Wanaume wazima walitua zaidi kwa katikati ya wayo, ilhali wanawake na vijana walitua zaidi kwa kisigino. Jamii tatu za Afrika Mashariki zimetoa majibu matatu. Linalofuata ni kwamba kutokuvaa kiatu hakumlazimishi mtu kutua kwa namna moja. Kasi, mazoea, ardhi na kazi ambayo mwili umejifunza kuifanya vyote huchangia. Hoja yoyote inayoanza kwa maneno "Waafrika hukimbia hivi" inafaa kuachwa pale ilipo.

4. Faida

Faida iliyothibitika vizuri zaidi inahusu wayo wenyewe. Nicholas Holowka na wenzake (2018) waliwalinganisha Watarahumara wanaovaa ndara nyembamba na Wamarekani wanaovaa viatu vya kawaida, wakaona kwamba wa kwanza wana nyayo zenye uvungu mgumu zaidi na baadhi ya misuli midogo ya wayo iliyo mikubwa zaidi. Sarah Ridge na wenzake (2019) walionyesha kwamba hata kutembea tu kwa viatu vya soli nyembamba kwa wiki kadhaa huiimarisha misuli hiyo, kwa kiwango kinachofanana na cha mazoezi maalumu ya wayo. Kwa watoto, ushahidi wa zamani kidogo unatoka India: Rao na Joseph (1992) waliwapima watoto 2,300 na kukuta nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya wanaovaa viatu, dhidi ya asilimia 2.8 ya wasiovaa. Mtoto wa Umatengo anayeshuka pekupeku kutoka Litembo anajenga, bila kufundishwa, kile ambacho mtu wa mjini hukilipia kwa miezi ya mazoezi.

Faida ya pili ni ya hisia. Inaaminika kwamba sugu ya mguuni huuziba wayo usihisi ardhi, na imani hiyo hutumiwa kuwasikitikia wanaotembea pekupeku. Holowka na wenzake (2019) walipima jambo hilo magharibi mwa Kenya na Marekani wakagundua kwamba sugu nene hulinda bila kupunguza uwezo wa wayo kuhisi mitikisiko. Soli nene ya kiatu ndiyo inayobadilisha jinsi kani inavyofika mguuni. Ngozi iliyozoea ardhi, kwa maneno mengine, ni soli inayohisi.

Faida ya tatu ni kupungua kwa mzigo wa goti. Hatua fupi na za harakaharaka, ambazo aghalabu huambatana na soli nyembamba, hupunguza mkandamizo nyuma ya pia ya goti. Kwa mkimbiaji anayesumbuliwa na maumivu ya goti, hili si dogo. Tahadhari ni kwamba mzigo hautoweki. Unahama. Ukiondoka gotini hushuka kwenye shavu la mguu, kano ya kisigino na mifupa mirefu ya wayo. Hasara zote zinazofuata huanzia katika sentensi hiyo.

Kuhusu kasi na uchumi wa nguvu, faida ni ndogo kuliko sifa zake. Franz na wenzake walipousawazisha uzito, mguu mtupu haukuwa na unafuu wowote dhidi ya kiatu chepesi chenye povu. Mfano wa Abebe Bikila unafaa kukumbukwa kwa ukamilifu wake, si nusu. Mwethiopia huyo alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye mjini Tokyo alishinda tena, safari hii kwa viatu, kwa saa 2:12:12. Wanaosimulia habari za Roma peke yake huthibitisha jambo moja, na wangesimulia za Tokyo peke yake wangethibitisha kinyume chake.

5. Hatari

Utafiti ulioitikisa dhana ya uasili wa viatu hivi ni wa Ridge na wenzake (2013). Wakimbiaji 36 wenye uzoefu waligawanywa makundi mawili. 19 kati yao waliingizwa taratibu katika viatu vya soli nyembamba vyenye vidole kwa wiki 10, na waliobaki wakaendelea na viatu vyao. Vipimo vya picha za sumaku vilionyesha kwamba 10 kati ya wale 19 walikuwa wamepata ongezeko la uvimbe wa uboho katika angalau mfupa mmoja wa mguu. Uvimbe huo ni dalili kwamba mfupa unabomolewa kwa kasi inayozidi ya kujengwa upya, na ukipuuzwa huweza kuishia katika ufa. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hawa hawakuwa watu wazembe. Walikuwa wakimbiaji wa kawaida waliofuata utaratibu uliokuwa ukipendekezwa wakati ule.

Michael Ryan na wenzake (2014) waliwafuatilia wakimbiaji 103 kwa wiki 12 katika aina tatu za viatu. Kati ya majeraha 23 yaliyotokea, waliovaa viatu vya kawaida walipata 4, waliovaa viatu vyembamba kabisa walipata 7, na waliovaa viatu vya kati, ambavyo si vinene wala si vyembamba, walipata 12. Waliovaa vyembamba kabisa walilalamikia zaidi maumivu ya ugoko na shavu la mguu. Takwimu ya viatu vya kati inashangaza, na huenda maelezo yake ni ya kawaida tu: kiatu kinachopunguza ulinzi kidogo bila kumfanya mvaaji ahisi upungufu huo humwacha aendelee na mwendo wake wa zamani. Mguu mtupu humkanya mtu mapema. Kiatu cha nusu hunyamaza.

Uzito wa mwili nao una sehemu yake. Joel Fuller na wenzake (2017) waliwafuatilia wakimbiaji 61 kwa miezi sita, wakaona kwamba hatari ya kuumia kwa viatu vyembamba, ikilinganishwa na vya kawaida, iliongezeka kadiri uzito wa mkimbiaji ulivyoongezeka. Kwa mtoto mwembamba wa darasa la sita onyo hilo halina uzito mkubwa. Kwa mtumishi wa mjini Mbinga aliyetajwa hapo mwanzo, aliyeongezeka kilo tangu aanze kukaa ofisini, ndilo la kwanza kusikilizwa.

Biashara nayo ilijifunza kwa gharama. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, mtengenezaji wa viatu vya vidole, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyofunguliwa nchini Marekani na wanunuzi waliodai kwamba matangazo yake kuhusu kuimarisha misuli na kupunguza majeraha hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Kampuni haikukiri kosa. Hata hivyo, baadhi ya madai yaliyolalamikiwa wakati ule, hasa lile la misuli, yamepata ushahidi baadaye. Lililobaki bila kuthibitika ni la kupunguza majeraha.

6. Ardhi ya Mbinga

Majaribio mengi yaliyotajwa yalifanyika juu ya mikanda ya mashine au barabara tambarare. Mbinga si tambarare. Milima ya Umatengo ni nchi ya miteremko mikali iliyowalazimu Wamatengo kubuni kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwa mpangilio wa miraba juu ya nyasi zilizolazwa, ili mvua isiusombe udongo. Njia zinazopita kando ya ngoro na mibuni huteremka kwa ukali. Kutoka huko ardhi hushuka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay hufuata mshuko huo kwa kilomita zipatazo 66.

Mteremko hubadilisha hesabu nzima. Gottschall na Kram (2005) walipima kwamba kukimbia kushuka mteremko wa nyuzi 9 huongeza kishindo cha kutua kwa asilimia 54 na kani ya kujizuia kwa asilimia 73 kulinganisha na uwanja tambarare. Katika kupanda, kishindo hupungua hadi kutoweka. Kwa hiyo swali "kiatu gani?" haliwezi kujibiwa Umatengo bila kuuliza kwanza "kupanda au kushuka?" Anayepanda mlima kwa soli nyembamba hukabiliwa na kishindo kidogo, ingawa kano ya kisigino hunyooshwa sana. Anayeshuka juu ya lami kwa soli hiyohiyo hupokea kishindo kikubwa juu ya ardhi isiyobonyea. Lami, ambayo imewarahisishia wakazi usafiri na biashara ya kahawa, imewaletea wakimbiaji ardhi ngumu kuliko yoyote waliyoizoea, na ni juu ya lami hiyohiyo ambapo vikundi vya mbio hupenda kukimbilia kwa kuwa haina tope.

Tope lenyewe ni hatari ya namna nyingine. Katika msimu wa mvua, unaoanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, udongo mwekundu huteleza. Soli bapa isiyo na meno, nyembamba au nene, haishiki. Vidole vya mguu mtupu hushika. Watoto wanajua hili na huvua viatu, na mwalimu anayewaamuru wavivae wakati huo huwaongezea hatari ya kuanguka.

Ufukweni, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, tatizo ni la mchanga. Lejeune na wenzake (1998) walikadiria kwamba kukimbia juu ya mchanga mlaini hugharimu nguvu mara 1.6 ya kukimbia juu ya ardhi ngumu. Mchanga huumeza ule mshindo, lakini kisigino huzama chini ya usawa wa vidole, na kano ya kisigino hunyooshwa zaidi ya kawaida. Kijana wa mwambao aliyekulia humo hana shida. Mgeni kutoka mjini anayekuja kupumzika ziwani na kukimbia nusu saa pekupeku mchangani, kwa kudhani kuwa ulaini ni usalama, huamka kesho yake hawezi kushuka ngazi.

Kisha kuna kile ambacho vitabu vya wakimbiaji wa nchi za baridi hukigusia kwa mstari mmoja au hukiacha kabisa. Mabuu ya minyoo ya safura huishi katika udongo wenye joto na unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi na huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu. Mnyoo huyo hunyonya damu na kusababisha upungufu wake, jambo linalomnyima mkimbiaji kitu anachokihitaji kuliko viatu vyovyote. Funza, aliyefika Afrika kutoka Amerika kupitia pwani ya Angola mwaka 1872 na kusambaa hadi Afrika Mashariki kabla ya karne hiyo kwisha, huingia hasa kando ya kucha na kwenye kisigino, na vidonda vyake hufungua mlango wa pepopunda. Miiba, vipande vya chupa na nyoka havihitaji maelezo. Dhidi ya haya yote, soli ya milimita chache inatosha karibu sawa na ya sentimita tatu, ilimradi kiatu kiwe kimefunika mguu. Hapa ndipo raba ya kitambaa inapoishinda ndara na mguu mtupu kwa pamoja: huacha wayo ufanye kazi na huzuia mdudu asiingie. Kichocho ni habari nyingine. Vimelea vyake humwingia mtu akiwa majini, na hakuna kiatu cha kukimbilia kinachomkinga kijana anayemaliza mazoezi kwa kuoga ziwani.

7. Uelekeo wa safari

Kanuni inayojitokeza katika ushahidi wote huu ni ya mazoea ya tishu. Misuli huzoea mzigo mpya ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Kwa sababu hiyo mkimbiaji hujisikia yuko tayari kabla mifupa yake haijawa tayari, na wengi huumia katika kipindi hicho cha katikati. Watafiti wa maabara ya Lieberman katika Chuo Kikuu cha Harvard hushauri kwamba anayehama kutoka kiatu kinene aanze kwa kutembea, kisha akimbie kati ya nusu kilomita na kilomita moja na nusu, siku moja ikiachwa katikati, katika wiki ya kwanza, na asiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Kwa mtumishi wa Mbinga ushauri huo unahitaji nyongeza mbili: aanzie kwenye njia ya udongo badala ya lami, na katika miezi ya mwanzo akimbie kupanda, kushuka atembee.

Kwa mtoto, kanuni hiyohiyo inasomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wayo uliokulia pekupeku umejenga uvungu, sugu na kano za namna yake. Ukivalishwa raba yenye kisigino kilichoinuliwa, kano hufanya kazi katika urefu mpya, gramu mia mbili au tatu huongezeka katika kila mguu, na wayo, ambao hupima ardhi kwa ngozi, hupima povu. Mtoto huweza kubadilisha namna ya kutua katika siku ileile asiyotakiwa kubadilisha chochote. Katika Kenya, Herje Aibast na wenzake (2017) walikuta kwamba vijana waliozoea pekupeku walikuwa na majeraha machache ya miguu kuliko wenzao wa umri wao wanaovaa viatu. Ni haki kuongeza kwamba vijana hao pia walikuwa na shughuli nyingi zaidi za mwili kila siku, na kwamba viatu peke yake haviwezi kupewa lawama yote.

Haifuati kwamba mtoto aachwe bila viatu. Safura na funza si hoja za maabara, na mtoto aliyevishwa viatu darasani na njiani amekingwa dhidi ya mambo mabaya kuliko uvungu uliolegea. Kinachofuata ni kuhusu wakati na aina. Shule inayokusudia kumpeleka mwanafunzi mashindanoni kwa viatu inafaa kumpatia viatu hivyo mwanzoni mwa muhula, si wiki ya safari. Viwe bapa na vyepesi, vikae vizuri vidoleni, na kama ni vya mitumba, soli iwekwe juu ya meza itazamwe kama imelala upande. Avivae kwanza katika mchakamchaka, ambako mwendo ni wa taratibu na wimbo humzuia asikimbie kupita pumzi yake, kisha katika sehemu ndogo ya mazoezi ya mbio zenyewe. Siku ya mashindano ikifika naye bado hajavizoea, na uwanja ukiwa umesafishwa, mwalimu anayemruhusu avivue hajamdhalilisha mbele ya shule nyingine. Kanuni za riadha za kimataifa zinaruhusu kukimbia bila viatu, na hakuna sababu ya kibiomekanika ya kumtaka mtoto ajifunze kukimbia upya kwenye mstari wa kuanzia.